Mikono ya Wanawake Nyuma ya Picha za Maua ya Kale



Siku hizi picha za maua ya kale zimeingia kwa nguvu katika mapambo ya nyumba. Ukiingia nyumba ya wageni Mji Mkongwe, au saluni, au sebule ya bibi harusi, unaweza kuzikuta zimepangwa ukutani tatu tatu. Tawi la karafuu, ua la waridi, mgomba na mkungu wake. Karatasi imekuwa rangi ya chai ya maziwa, na chini yake pana jina la Kilatini. Sisi tunaoshona mapazia na foronya huletewa picha hizo tutafute kitambaa kitakachokwenda nazo, na swali huwa moja: picha hizi zimetoka wapi, na nani alizichora?

Leo tumekaa kuandika historia yake. Wengi wanaokusanya vitabu vya kale vya mimea na picha zake husifia rangi, umri na bei. Sisi tumetaka kuangalia mikono iliyofanya kazi ile. Sehemu kubwa ya mikono hiyo ilikuwa ya wanawake waliokuwa wakitafuta riziki: mmoja ana deni, mwingine ameachana na mume, mwingine hakupata skuli ya sanaa. Baadhi ya kazi zao zimedumu miaka 300 na zaidi, lakini majina yao huanguka njiani kila kazi inapobadilisha mwenye nayo.

Mwanzo wake ulikuwa dawa

Picha hizi hazikuanza kwa ajili ya ukuta. Zilianza kwa ajili ya mgonjwa. Mtu anayechuma mti shamba lazima aujue, kwa sababu majani mawili yanaweza kufanana na moja likawa dawa na jingine sumu. Karne ya kwanza baada ya Nabii Issa, tabibu wa Kigiriki aitwaye Dioscorides aliandika kitabu kikubwa cha dawa za mimea. Karne ya 9 kikafasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad, na kwa muda mrefu matabibu wa Kiislamu wakawa wanakinakili kwa mkono, maneno pamoja na michoro.

Nakala moja mashuhuri ilikamilishwa mwaka 1224, kwa mkono wa Abdullah ibn al-Fadl. Sehemu kubwa ya nakala hiyo ipo Istanbul. Lakini kurasa kadhaa zenye picha zilitolewa ndani yake zikauzwa moja moja, na leo zimetawanyika katika makumbusho mbalimbali ya Ulaya na Marekani. Wasomaji, liwekeni akilini jambo hili la kitabu kutolewa kurasa, maana tutalirudia.

Kwetu sisi Waislamu mmea una nafasi yake katika mapambo. Imepokewa katika Sahihi Bukhari na Muslim kwamba Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alimwambia mtu aliyekuwa akiishi kwa kuchora kwamba akiwa hana budi, basi achore miti na vitu visivyokuwa na roho. Ndiyo maana majani na maua yamejaa kwenye milango yetu ya kuchonga, kwenye mazulia na kwenye vyombo. Mwanamke anayetundika picha ya ua sebuleni yumo katika njia iliyopitwa na wengi.

Maria Sibylla Merian: alianza na ruwaza za kudarizi

Sasa twende Ulaya, ambako vitabu hivi viliingia katika mashine za kuchapia.

Maria Sibylla Merian alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1647. Baba yake alikuwa mchapaji na mchongaji wa picha, akafariki binti akiwa na miaka mitatu. Mama akaolewa na mchoraji wa maua, na huyo baba wa kambo ndiye aliyemfundisha mtoto rangi na brashi. Akiwa na miaka 13 alianza kufuga viwavi wa hariri ili aone vinavyobadilika.

Baada ya kuolewa alihamia Nürnberg, akawa anafundisha wasichana kuchora na kudarizi. Kuanzia mwaka 1675 alitoa kitabu cha picha za maua kwa sehemu tatu. Hapa ndipo sisi mafundi wa nguo tunapofurahi, kwa sababu picha zile zilitumika kuwa ruwaza. Mwanamke aliweza kuweka ua la kitabuni mbele yake akalihamishia kwenye kitambaa kwa sindano na uzi. Nakala kamili za kitabu hicho ni adimu sana leo. Kitabu cha ruwaza hushikwa, hupinduliwa na kufanyiwa kazi mpaka kinachakaa. Fundi yeyote mwenye daftari la mitindo anajua linavyokuwa baada ya miaka mitano.

Baadaye aliachana na mume, na mwaka 1691 akahamia Amsterdam na mabinti zake wawili. Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, aliuza picha zake, akafunga safari ya bahari na binti yake mdogo, Dorothea, mpaka Surinam, Amerika ya Kusini. Hakupelekwa na mfalme wala chuo. Alikaa huko kiasi cha miaka miwili, akaugua, akarudi mwaka 1701. Mwaka 1705 akatoa kitabu chake kikubwa chenye picha 60 za mimea na wadudu wa Surinam, kila mdudu juu ya mmea anaokula, kuanzia yai na kiwavi mpaka kipepeo.

Kitabu hicho kina ukurasa mmoja ambao hatuwezi kuupita kimya. Surinam ilikuwa koloni la Waholanzi, na mashamba ya sukari yalilimwa na watumwa. Merian alichora mti mdogo wenye maua mekundu na manjano, wenye nyuzi ndefu zinazotoka katikati ya ua. Mti huu unapandwa hata kwetu kuwa pambo la uani. Pembeni ya picha aliandika aliyoambiwa na wanawake watumwa wenyewe, kwamba walitumia mbegu zake kuharibu mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Tunasoma maneno hayo na moyo unauma. Kisiwa chetu nacho kilikuwa na soko la watumwa mpaka mwaka 1873, na wanawake waliopitishwa pale hatuna maneno yao kwa wingi. Huko Surinam maneno machache yalibaki kwa sababu mwanamke aliyeshika brashi aliuliza, na waliokuwa kifungoni wakamjibu. Picha ile ikitundikwa peke yake ukutani bila maneno yake, inakuwa ua zuri tu.

Merian alifariki Amsterdam mwaka 1717. Picha zake nyingi zilinunuliwa kwa ajili ya Mfalme Peter wa Urusi, na Dorothea naye akahamia St Petersburg kufanya kazi ya kuchora.

Elizabeth Blackwell: picha 500 za kumtoa mume jela

Kisa hiki wenye biashara tutakielewa upesi.

Elizabeth Blackwell aliishi London. Mume wake, Alexander, alifungua kiwanda cha uchapaji London wakati hakupitia uanagenzi unaotakiwa na sheria ya kazi hiyo. Akatozwa faini, madeni yakamlemea, akafungwa jela ya wadeni. Zama zile mdeni alikaa ndani mpaka deni lilipwe, na aliyebaki nje ndiye aliyepaswa kutafuta pesa.

Elizabeth alijua kuchora. Akagundua kuwa matabibu na wauza dawa wa London walihitaji kitabu kipya cha mimea ya dawa, chenye picha nzuri na mimea iliyotoka nchi za mbali. Akahamia karibu na bustani ya dawa ya Chelsea ambako mimea hiyo ilipandwa, na aliyesimamia bustani akamsaidia. Kila mmea alimpelekea mume wake gerezani apate kuandika majina yake kwa lugha mbalimbali.

Mambo mawili yanatushangaza. Kwanza, kazi iliyokuwa kwa kawaida ya watu watatu aliifanya peke yake. Alichora, akachonga mchoro kwenye bamba la shaba kwa ajili ya kuchapia, kisha akapaka rangi kwa mkono. Ni sawa na mtu mmoja kufuma kitambaa, kukikata na kukishona. Pili ni namna alivyouza. Hakungoja kitabu kiishe. Alitoa picha nne kila wiki kwa wanunuzi, kwa wiki 125, kuanzia mwaka 1737 mpaka 1739. Zikafika picha 500. Fedha zikaingia kidogo kidogo, mithili ya mchezo wa upatu, na mume akatoka.

Kitabu kinaitwa A Curious Herbal. Mwisho wa mume wake haukuwa mwema. Alikwenda Sweden, akaingizwa katika kesi ya njama dhidi ya utawala, akauawa mwaka 1747. Elizabeth alifariki London mwaka 1758. Kitabu chake kilipendwa mpaka Wajerumani wakatoa toleo lao mjini Nürnberg, picha zikiwa zimechorwa upya na mtu mwingine. Anayenunua picha ya Blackwell ajue hilo. Yenye jina la Herbarium Blackwellianum ni ya toleo la Ujerumani. Ni ya zamani na ina thamani yake, lakini si ya mkono wa Elizabeth.

Jarida lililopakwa rangi kwa mikono, na ua la Sultani

Mwaka 1787 William Curtis alianza kutoa London jarida la maua. Kila mwezi lilikuwa na picha tatu na maelezo, kwa shilingi moja. Waliolinunua walikuwa watu wenye bustani waliotaka kujua maua mapya yaliyokuwa yakiletwa na meli. Jarida hilo lipo mpaka leo, chini ya bustani kubwa ya Kew.

Rangi za jarida hilo zilipakwa kwa mkono mpaka mwaka 1948. Mistari ilichapwa kwa mashine kwa wino mweusi, kisha kila nakala ikawekwa mezani na mtu akapaka kijani cha jani na wekundu wa ua. Kama nakala 1,000 zina picha tatu, hizo ni picha 3,000 za kupakwa kabla mwezi haujaisha. Walifika hadi watu 30 hivi katika kazi hiyo, na majina yao hayakuandikwa chini ya picha. Kilichoisitisha mwisho ni upungufu wa wapaka rangi.

Mchoraji mkuu wa jarida kwa miaka mingi alikuwa Walter Hood Fitch. Mwaka 1877 aliacha kazi baada ya kukosana na mkuu wa Kew, Joseph Hooker, kuhusu malipo. Hooker akamwingiza ndugu yake wa mbali, binti aliyezaliwa Bombay mwaka 1854, Matilda Smith. Hakuwa na mafunzo makubwa ya uchoraji, na Hooker mwenyewe alimwelekeza. Kuanzia mwaka 1878 mpaka 1923 alichora picha zaidi ya 2,300 za jarida lile. Alisifiwa khasa kwa kuchukua mmea uliokauka, uliobanwa bapa na kusafirishwa miezi, akauchora ukaonekana uko hai. Mwaka 1898 akawa mchoraji rasmi wa kwanza wa Kew.

Na hapa ndipo Zanzibar inapoingia. Miaka hiyo balozi wa Uingereza hapa kwetu alikuwa John Kirk, yule yule aliyeshughulikia mkataba wa kufunga soko la watumwa mwaka 1873. Kirk alikuwa daktari na mpenzi mkubwa wa mimea. Alikuwa na bustani Mbweni, na alikuwa akituma mbegu na miche Kew. Miongoni mwa alivyotuma kulikuwa na ua dogo la kivulini, lenye petali tano bapa, la wekundu mkali. Kifuko chake cha mbegu kikikomaa, ukikigusa kinapasuka na kurusha mbegu. Mwaka 1882 Hooker alilitoa katika jarida, picha pamoja na maelezo, akaliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Wakati huo aliyetawala ni Sayyid Barghash.

Ua hilo likaenea madirishani Ulaya na Marekani, na leo linauzwa kwenye vitalu kote duniani. Lakini jina la Sultani halikudumu. Wataalamu walikuja kuona kuwa ni mmea ule ule uliopewa jina mwaka 1868, Impatiens walleriana, na kwa kanuni zao jina la mwanzo ndilo hushika. Kwa hiyo ukitaka kuona jina la mtawala wetu juu ya ua hilo, mahali pake ni katika jarida lile la 1882. Kwa Mzanzibari anayekusanya picha za kale, karatasi hiyo moja ina mambo mengi: bandari yetu, balozi, Sultani, na watu waliokaa mezani London wakipaka wekundu ule nakala baada ya nakala.

Kitabu kinavyochanwa

Sasa turudi kwenye lile tuliloomba mliweke akilini. Picha nyingi za maua zinazouzwa moja moja zilitoka ndani ya vitabu. Mfanyabiashara hununua kitabu, hukata uzi, hutoa kurasa, huweka kila picha kwenye kadibodi na kuiuza peke yake. Hesabu yake ni nyepesi. Mwenye uwezo wa kununua kitabu chote ni mmoja kati ya wengi, lakini wa kununua picha moja ni wengi. Kitabu cha picha 500 kinakuwa bidhaa 500.

Kuna vitabu vilivyokwisha kuharibika, jalada limekwenda na kurasa nyingi hazipo. Picha zilizosalia zikiuzwa moja moja, kwetu hilo linaeleweka, ni kama kuokoa kipande kizuri cha kitambaa kilichochanika. Linalotuuma ni kitabu kizima kuvunjwa kwa sababu ya faida. Ni kama mtu aivunje doti ya kanga iliyohifadhiwa tangu kwa bibi, upande mmoja auze huku na mwingine auze kule, au afumue nguo ya harusi ya zamani apate kuuza shanga zake.

Kinachopotea kwanza ni jina. Jina la Blackwell lipo kwenye ukurasa wa mbele wa kitabu chake. Maneno ya wanawake wa Surinam yapo kwenye ukurasa wa maelezo. Picha ikitolewa, vyote viwili hubaki nyuma, na mara nyingi karatasi yenye maneno tu hutupwa kwa kuwa haipendezi ukutani. Anayenunua anaambiwa ni ua la kale la Ulaya, basi. Mwanamke aliyechora picha 500 kulipa deni la nyumba yake anakuwa hayupo tena.

Ukitaka kuanza kukusanya

Tunajua kati yenu wapo wanaopenda vitu hivi, na wapo wenye nyumba za wageni wanaovinunua. Haya ndiyo ya kuangalia.

Tazama kwa kioo cha kukuzia. Picha iliyochapwa na mashine za kisasa ina vidoto vidogo vya rangi vilivyopangwa kwa mistari sawasawa. Picha iliyopakwa kwa mkono haina vidoto hivyo. Rangi yake imekaa juu ya mstari, na pengine imetoka nje kidogo. Kutoka huko ni alama nzuri, ni mkono wa mtu.

Pitisha kidole pembeni mwa picha. Bamba la shaba likikandamizwa kwenye karatasi huacha alama ya mraba iliyobonyea. Kama pembeni hapajakatwa, utaihisi. Picha za jarida la Curtis za wakati wa Matilda Smith zilichapwa kwa jiwe, hivyo usiitafute alama hiyo kwake.

Usiamini wekundu wa karatasi peke yake. Karatasi inaweza kuchovywa kwenye chai ikazeeka kwa siku moja.

Uliza imetoka kitabu gani, mwaka gani, na kama ukurasa wa maelezo upo. Ukiupata, ununue pamoja na picha. Na muuzaji akikupa kitabu kizima kwa bei unayoiweza, kichukue kizima na ukiache kizima.

Tunza kwa hali ya hewa yetu. Jua linafuta rangi za maji, kwa hiyo usitundike mkabala na dirisha. Kuta zetu za mawe na chokaa huvuta unyevu wakati wa masika, basi acha nafasi kati ya fremu na ukuta. Picha isigusane na kioo. Iwekwe fremu ya kadibodi isiyo na asidi katikati. Usibandike kwa gamu wala selotepu, maana huacha doa la manjano lisilotoka. Vitabu visifungwe ndani ya nailoni. Vikague kila baada ya miezi michache usije ukakuta mchwa wameshakuwahi.

Asiye na uwezo wa kununua asijione yuko nje. Vitabu vyote vitatu tulivyovitaja, Merian, Blackwell na jarida la Curtis, vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa kwenye intaneti bila malipo. Biodiversity Heritage Library wanayo majuzuu ya zamani ya jarida hilo. Unaweza kuchagua ua lako, ukaenda kulichapisha kwa gharama ndogo. Ukiliuza tena, mwambie mnunuzi kuwa ni nakala mpya ya picha ya kale. Biashara ina baraka pale mnunuzi anapojua anachonunua.

Na ndani ya makabati yetu wenyewe huenda vimo vitabu vinavyostahili heshima hii. Mwaka 1949 kilitolewa kitabu cha R. O. Williams kuhusu mimea ya faida na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Kama nyumbani kwenu kuna nakala ya mzee, msiiuze kwa bei ya karatasi za kufungia vitumbua, wala msimruhusu mtu kuichana.

Viua vya kwetu

Tukisoma habari za wale wapaka rangi wa London, akili inatupeleka kwenye kofia. Sote tunazijua kofia za viua. Kila tundu dogo linazungushwa uzi kwa mkono, mamia kwa mamia, na ruwaza zake zina majani na maua. Kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi, hata miezi. Wanawake wengi wa visiwa hivi hushona viua baada ya kazi za nyumba, wamekaa barazani, wakapata ada ya skuli ya mtoto. Kofia ikifika dukani, mnunuzi anaambiwa bei na aina ya ruwaza. Hatajiwi aliyeishona.

Kanga nayo ni hivyo hivyo. Ile korosho tunayoipenda ina safari ndefu. Ni umbo la mmea lililotoka Iran na Kashmir, likapita kwenye shali za Ulaya, likatua kwenye pindo na mji wa kanga zetu. Kila kanga ina jina lake lililoandikwa, lakini aliyechora ua lake hatajwi popote.

Hatusemi haya kwa kulaumu. Tunasema kwa sababu tumeona kilichowapata wenzetu. Matilda Smith alichora zaidi ya picha 2,300, na leo mtu anaweza kununua moja akaitundika miaka 20 bila kulisikia jina lake. Anayekusanya vitu vya mimea, vya kale au vya sasa, vya Ulaya au vya kwetu, ana njia rahisi ya kuzuia hilo. Geuza fremu, uandike kwa penseli nyuma ya kadibodi: ni mmea gani, umetoka kitabu gani, mwaka gani, na nani aliuchora kama anajulikana. Ukinunua kofia ya viua au kitambaa cha meza kilichodariziwa, muulize muuzaji jina la mshonaji, ulitie kwenye kikaratasi pamoja na tarehe, ukiweke ndani ya mfuko wake. Na sisi wenye maduka tuanze kulishona jina hilo ndani ya ukingo, lebo ndogo tu, na bei yake tumlipe mshonaji kwa wakati.

Mwenyezi Mungu azibariki kazi za mikono ya wanawake, waliotangulia na waliopo. Kama bibi yako alikuwa mshonaji wa viua au mdarizi, tuandikie jina lake hapa chini, na ruwaza aliyokuwa akiipenda.